Singa Zilizopakwa Mafuta

Watu wa njia ya Maramba wakikusimulia habari za Semeni watakuanzia mwisho: yule bibi aliyekuwa akisimama barabarani kuwaelekeza madereva wa malori. Watacheka kidogo, halafu watakuuliza kama wataka chai. Mimi ndiye ninayeuza hiyo chai, pale chini ya kilima, na nimechoka kuisikia habari hii ikianzwa mkiani. Naitwa Hafsa. Nilikuwa mmoja wa wale wanawake kumi na wawili, na mafuta niliyapaka kwa mikono yangu mwenyewe, kwa hiyo nina haki ya kuisema.

Semeni alizaliwa Pangani, ng'ambo ya mto, kwa mama aliyesokota kamba za makumbi. Kamba za mama huyo zilishuka visimani miaka na miaka bila kukatika, na siri yake ilikuwa mafuta ya nazi. Kabla ya kusokota alijipaka viganjani, kisha akapitisha vidole kwenye nyuzi mara moja tu, kama mtu anayemlaza mtoto nywele. Nyuzi zikatulia, zikaacha kuchoma na kurukaruka. Semeni aliyajua hayo kabla hajajua kusoma. Alipoolewa akaletwa huku kwetu, kwenye mashamba ya mkonge, mumewe akikata majani na yeye akaingia korona, kule kiwandani ambako majani husagwa zikabaki singa tupu. Alikaa humo miaka ishirini na sita, kuanika singa kwenye waya, kuzianua, kuzipeleka kwenye mashine ya brashi inayozichana. Mume akafa. Korona ikafungwa. Yeye akabaki na vidole ambavyo mashine ya kitambulisho cha taifa ilikataa kuvisoma. Kijana wa kuandikisha alimfuta kwa kitambaa mara nne, mwisho akamwuliza kama alizaliwa bila alama. Semeni akamjibu kwamba alizaliwa nazo, na akizihitaji sana aende akaziulizie kwenye mkonge.

Hakuwa mpole, msije mkadanganywa na jinsi watu wanavyomhurumia sasa. Aligombana na kila mtu, nami nikiwamo, tena kwa mambo ya kijinga kama nani kaacha ndoo kisimani. Lakini alikuwa na jambo moja. Ukimpa mkono kumsalimia, alikigeuza kiganja chako akakitazama. Kikiwa kimekauka, huondoki mpaka upakwe. Chupa ya mafuta, ambayo kaka yake alimletea kutoka Pangani, ilikaa dirishani mwaka mzima, imezibwa kwa kigunzi. Kugombana mtagombana, lakini kwanza mikono yako ingelainika.

Injinia Bryson alikuja mwaka juzi. Ni kijana wa milimani, Mlutheri, mrefu, mwenye haya, aliyeamkia hata watu waliokuwa wamempita umri kidogo tu. Kilima chetu masika hakipandiki. Lami iliwekwa mara mbili ikatiririka na maji mara mbili, na malori ya mahindi na mbao yakawa yanalala pale chini, jambo lililoninufaisha mimi na chai yangu lakini likamuumiza kila mtu mwingine. Mradi wa barabara uliomleta ulitaka kujaribu zege. Wangemwaga slabu tisa kilimani, yaani vipande vipana vya zege, moja baada ya nyingine. Tatu za kwanza zege tupu. Tatu za katikati zege lenye nyuzi za plastiki, zinazokuja kwa mifuko zikipitia mpakani Horohoro. Na tatu za juu, ya saba, ya nane na ya tisa, zege lenye singa za mkonge zilizokatwa fupi fupi, urefu wa kidole gumba.

Alitueleza pale kibandani kwangu, akichora mezani kwa chai iliyomwagika. Alisema zege lote hupasuka, hata la mafundi hodari, na kazi ya nyuzi si kuzuia ufa usitokee. Kazi yake ni kushika pande mbili za ufa zisiachane. Semeni akasema amefahamu, ni kama ndugu wawili waliogombana na mama yao bado yu hai. Yule kijana akacheka, na tangu siku ile akawa anamsikiliza kuliko alivyomsikiliza msimamizi wake wa kazi.

Sasa sikilizeni jambo lenyewe lilikuwa nini. Slabu za mkonge zikistahimili masika moja na malori yake, barabara yote iliyobaki mpaka Maramba ingejengwa kwa singa za hapa hapa. Korona ingefunguliwa tena walau upande mmoja, na sisi tungekuwa na kazi ya miaka miwili, labda mitatu. Injinia hakutuahidi kwa kiapo, lakini alisema hivyo, na sisi tulisikia kama kiapo. Semeni alisikia zaidi ya hapo. Alisikia kwamba ile miaka ishirini na sita haikuwa bure, kwamba kitu kilichomla vidole kilikuwa na thamani ya kulazwa chini ya magurudumu ya dunia. Aliniambia hivyo waziwazi, na Semeni si mtu wa kusema maneno ya namna hiyo.

Basi tukakusanyika uani kwake, wanawake kumi na wawili. Alikuwapo Kristina, binti wa Kambi ya Juu, ambaye babu yake aliletwa na wakoloni kukata mkonge na ukoo wake haujarudi kwao hadi leo. Walikuwapo wengine ambao hawatapenda niwataje. Injinia alisisitiza jambo moja: singa zioshwe mpaka utomvu wote utoke, kwa sababu utomvu una sukari na sukari huizuia saruji isikauke vizuri. Tukaosha. Tukaosha mara tatu, na Semeni akatuoshesha ya nne kwa matusi. Tukaanika juani mpaka singa zikawa nyeupe kama mchele wa sikukuu.

Singa iliyooshwa hivyo huwa kavu sana. Ukiikata kwa panga inaruka, inaingia puani, inakuchoma shingoni, na siku ya pili mikono yetu ilikuwa imevimba na Kristina anakohoa hawezi kusema. Ndipo Semeni alipoitoa ile chupa dirishani. Alitupaka viganja mmoja mmoja, akatuonyesha kupitisha vidole kwenye fungu kabla ya kukata. Mara moja tu, kidogo tu. Singa zikalala. Kazi ikawa tamu, tukawa tunaimba. Kaka yake akaleta madumu mawili mengine kutoka Pangani, na tukamaliza mafungu yote siku mbili kabla ya wakati.

Injinia alikuja kuyakagua kabla hayajapakiwa. Alichukua fungu, akalipima unyevu kwa kijimashine chake, kisha akalipeleka puani. Akasema yanukia vizuri, akatabasamu, akaandika kwenye fomu yake kwamba singa ni kavu na safi, akatia sahihi. Harufu ile alidhani ni ya jikoni. Sisi hatukumwambia kitu kwa sababu hapakuwa na la kumwambia. Mtu akikusifu kitambaa chako humwelezi kwamba umekifua kwa maji.

Siku ya kumwaga zege tulikwenda wote kilimani, tumevaa kanga mpya kama watu wa harusi. Semeni ndiye aliyezitia singa kwenye mashine ya kuchanganyia, kidogo kidogo, akizinyunyiza ili zisifanye mabonge. Fundi Mathew, aliyesimamia zege, alisema hajaona mtu mwenye mkono ule. Slabu ya tisa ilipolainishwa juu, zilionekana singa chache zikichomoza, na Semeni akainama akazigusa, akasema ziko kama nywele za mtoto mchanga. Kila mtu alicheka. Hata mimi nilifurahi siku ile, nakiri, nikagawa chai bure.

Siku mbili baadaye mafundi wakawa wanabandua zile mbao za pembeni zilizozuia zege lisimwagike. Semeni alikuwa amepanda kuitazama kazi yake, nami nimempelekea Mathew chupa ya chai. Mbao zilikuwa zinatoka kwa pigo moja la nyundo, safi, bila hata chembe ya saruji. Semeni akasifu. Akamwuliza Mathew zile mbao zatokaje bila kung'ang'ania.

"Tunazipaka oili chafu kwanza, mama," Mathew akasema. "Saruji haishiki kitu chenye mafuta."

Semeni aliketi chini. Hakukaa juu ya jiwe wala kanga, alikaa pale pale kwenye vumbi, na nilipomtazama usoni nikaelewa nami. Mathew akauliza kama bibi amepata kizunguzungu. Nikamwambia ni jua.

Tulishuka kilima. Uani kwake aliniuliza mara moja tu tufanye nini, na mimi nilimwambia anyamaze. Nalisema hili kwa aibu. Nilimwambia yalikuwa mafuta kidogo, tena ya nazi, si oili ya gari, na zege limekwisha kukauka, na wanawake kumi na mmoja wanamtegemea. Nilimwambia huenda lisitokee lolote. Yeye alikuwa akitazama viganja vyake. Alinyamaza siku tatu, na kwa Semeni siku tatu za kunyamaza ni ugonjwa.

Siku ya nne akaenda kwa injinia, akaniburuta niwe shahidi. Bryson alimwamkia, akamletea kiti. Semeni akayamwaga yote, tangu mama yake na makumbi mpaka madumu ya Pangani. Yule kijana alikuwa ameshika kalamu, na sikuona ikisogea.

"Mafuta kiasi gani, mama?"

"Kiasi cha kulaza singa," Semeni akasema. "Siye ndivyo tunavyofanya. Hatukujua kama ni kosa."

Bryson akaiweka kalamu chini. Halafu akatueleza, kwa upole ulioniudhi, kwamba vile vipande vya zege walivyovichukua siku ile kupima vilikuwa na nguvu nzuri, kwamba huenda mafuta yale hayatadhuru sana, na kwamba hata kama yatadhuru hakuna la kufanya. Slabu haiwezi kufunuliwa ikatolewa singa. Kuzivunja tatu na kumwaga upya kulihitaji kibali na fungu jipya la pesa, na mradi ulikuwa na jaribio moja tu. Isitoshe, alisema akiangalia meza, yeye ndiye aliyetia sahihi. Tungoje masika.

Tukangoja. Sijui kama mmewahi kungoja kitu mnachokijua. Wale wengine kumi walikuwa na matumaini, wakaja kibandani kwangu kupanga watakavyogawana zamu, na mimi na Semeni tukawa tunaitikia. Kristina alianza kujenga chumba cha pili. Mara mbili nilitaka kumwambia asijenge, na mara mbili nilimwekea sukari zaidi kwenye chai yake badala ya kusema.

Mvua ya kwanza kubwa ilipita bila kitu. Ya pili vilevile. Malori yakapanda kilima yakinguruma, na watu wakashangilia kwamba zege limekubali. Wiki ya tatu ya Aprili ufa ukatokea kwenye slabu ya pili, lile zege tupu, na siku chache baadaye mwingine kwenye ya tano, ile ya plastiki. Semeni alikuwa akizitazama kila asubuhi kama muuguzi wa zamu. Ule wa plastiki ulibaki kama unywele, huwezi kuuona mpaka umwage maji. Kisha ukaja ufa wa slabu ya nane. Siku ya kwanza ulikuwa unywele nao. Baada ya juma ungeweza kutia ukucha. Baada ya majuma mawili Semeni alitia ncha ya kidole, akanionyesha.

Ndipo alipoanza lile linalochekwa. Asubuhi alipanda na fagio la chelewa, akaufagia ufa usikae mchanga ukaupanua. Halafu akasimama pembeni ya slabu ya saba na kipande cha kanga nyekundu, akawapungia madereva wapite upande wa kushoto, mbali na ufa. Baadhi walimtii, wakidhani kuna ajali mbele. Wengine walipiga honi wakamwita Bibi Trafiki. Alilowa mvua zote zilizobaki, akapata homa, akarudi tena. Nilimfuata nikamgombeza kwamba lori la tani thelathini halibembelezwi kwa kanga. Akasema anajua. Akasema kukaa ndani na kuyasikia malori yakipita ni kubaya zaidi.

Mwisho wa mwezi wa tano nyufa za slabu za mkonge zilikuwa tatu, na kila lori lilipokanyaga slabu ya nane maji ya tope yaliruka kutoka katikati yake. Zege tupu la slabu ya pili nalo lilifanya hivyo hivyo. Ungesema hakuna aliyetia singa hata moja kwenye ile ya nane.

Wakubwa wa mradi walikuja baada ya mvua kukatika, magari matatu, kofia ngumu vichwani. Wakaamuru slabu ya nane ivunjwe kipande. Sisi kumi na wawili tulikuwa tumesimama upande wa pili, tena kwa kanga zile zile mpya, kwa sababu wenzetu walidhani labda tutaulizwa habari za kazi. Kipande kilipotoka, mzee mmoja mwenye miwani alikishika, akakamata singa iliyochomoza, akavuta. Ikatoka nzima, taratibu, kama unavyotoa uzi kwenye siagi. Akavuta nyingine. Hakuna hata moja iliyokatika.

"Mkonge haushiki," akasema, na kijana mmoja akaandika.

Semeni akavuka barabara. Sikuwahi kumwona akitembea vile, polepole, mikono mbele kama mtu anayebeba sinia.

"Shikamoo baba. Si mkonge," akasema. "Ni mafuta. Tulizipaka mafuta ya nazi. Mimi ndiye niliyewafundisha."

Nyuma yangu nilisikia Kristina akivuta pumzi. Alikuwa hajui. Yule mzee hakuwa mtu mbaya. Alimwitikia marahaba, akamtazama, kisha akamgeukia Bryson na kumwuliza kama kuna habari za mafuta kwenye kumbukumbu za jaribio. Nilimwangalia yule kijana. Nilikuwa nimempa chai mwaka mzima. Alifungua faili, akageuza kurasa ambazo alizijua kwa moyo, akafika kwenye ile fomu yenye sahihi yake.

"Hapana, mzee. Imeandikwa kavu na safi."

Yule mzee akamwambia Semeni ahsante sana bibi, kwa sauti ya mtu anayemwondoa mgeni bila kumvunjia heshima, na wakaendelea kupima. Semeni alibaki amesimama katikati yao. Walikuwa wakimzunguka na utepe wa kupimia kama watu wanaozunguka mti. Nikaenda nikamshika mkono, nikamtoa.

Bryson alihamishwa kabla ya vuli. Siku ya kuondoka alipita kwa Semeni, akakaa kwenye kile kibao cha uani, akalia. Semeni hakumlaani. Alimwuliza kama mama yake mzazi yu mzima, akampa mihogo ya kupeleka. Mimi nisingempa hata ganda.

Ripoti ilisema mkonge haufai kwa zege la barabara kama hii. Sikuisoma, lakini kila mtu anayepanda kilima anaijua. Barabara sasa inajengwa kwa nyuzi za plastiki, na malori ya mifuko yanatoka Horohoro yakipita mbele ya korona iliyofungwa. Walihitaji vibarua wa kufungua mifuko na kumwaga nyuzi kwenye mashine, wakachukua wanawake sita. Kristina ni mmoja, maana ana chumba kisicho na bati. Hajamsemesha Semeni tangu siku ile. Mimi nami ni mmoja. Malori hayalali tena chini ya kilima, na chai bila malori ni kuni za bure. Asubuhi nilikuwa nikizunguka njia ya nyuma, ya makaburini, ili Semeni asinione na fulana ya kazini, ya rangi ya machungwa.

Jumamosi iliyopita aliniita. Alikuwa uani, na mbele yake kile kipande cha slabu ya nane, alichowaomba mafundi wakamletea kwa toroli. Anavitoa vijisinga vyake kimoja kimoja na kuvilaza juu ya ungo. Vimetoka vyeupe, vizima. Alinipa kimoja akaniambia nikikate. Nilivuta mpaka kikanikata mimi kidole.

"Unaona," akasema.

Akakishika kile kidole kuangalia damu, kisha kwa mazoea yake akakigeuza kiganja changu. Saruji imekila. Glavu walizotupa zilichanika wiki ya kwanza, na ngozi yangu imepasuka kwenye kila mkunjo. Alikitazama muda. Akanyoosha mkono nyuma yake, akaichukua ile chupa dirishani, akatoa kigunzi, na harufu ya nazi ikanijia, nikatamani kulia. Nikakunjua viganja vyote viwili.

Akasita. Akanitazama, akaitazama fulana yangu.

"Hapana," akasema. "Wewe bado unashika nyuzi zao."

Nikamwambia leo ni Jumamosi, sirudi kazini mpaka Jumatatu, nitanawa kwa sabuni mara tatu. Akarudisha kigunzi, akakikandamiza kwa kidole gumba mpaka kikaingia chote, akaiweka chupa dirishani.